Mtani Aliyejua Mno

Marselino alizikwa siku ya manyunyu, na watani waliokuja kumzika walikuwa wengi kuliko ndugu.

Hilo halikumshangaza mkewe, Bernadeta. Wao walikuwa Wangoni wa Peramiho, na Wangoni na Wangindo ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka. Mngoni akifa Temeke, Wangindo wa Temeke, Mtoni na Tandika huja bila kuitwa. Hukalia jeneza wakadai kuku. Humsema marehemu kwamba amekufa kwa uvivu wa kuamka asubuhi. Huchukua kitu chake wakaondoka nacho, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Ndiyo namna yao ya kumfuta mtu machozi. Bernadeta aliyajua hayo tangu utoto, akawa amejiandaa.

Hakujiandaa kwa yule mwanamke.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwanya, amejifunga kanga mbili zilizolowa. Bernadeta hakumjua. Aliingia ndani kama mwenye nyumba, akaangua koti la kaki la Marselino kwenye msumari nyuma ya mlango, akalivaa, akatoka nalo uani mbele ya watu. Akasogelea kigoda. Kabla ya kukaa akakibonyeza kwa kiganja, akakibonyeza tena, akatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika, ndipo akakaa. Kicheko kikalipuka. Hata Albano, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, alicheka mpaka akashika ukuta. Marselino alikuwa fundi seremala, na maisha yake yote hakukalia kiti chochote, hata benchi la kanisani, kabla ya kukipima namna hiyo.

Hilo Bernadeta angelimeza. Karakana nzima ilimjua Marselino kwa kubonyeza viti. Lakini yule mwanamke aliinuka, akapiga magoti mkekani, akashika rozari isiyokuwepo, akaanza kwa sauti nzito ya puani: "Utuombee sisi wakosefu, sasa na..." Kichwa kikadondokea kifuani. Akakoroma, mkoromo mrefu wenye filimbi mwishoni. Kisha akashtuka, akaangaza kulia na kushoto, akasema kwa nguvu kama mtu aliyekuwa macho muda wote: "Amina."

Watu walicheka mpaka machozi. Bernadeta hakucheka.

Maana hivyo hasa ndivyo Marselino alivyosali. Miaka yote ya ndoa yao, kando ya kitanda, akifika palepale penye "sasa na", usingizi unamchukua, na filimbi ile, kisha Amina ile. Hata siku aliyokufa, Mungu amrehemu, alikuwa amepiga magoti hivyohivyo, na Bernadeta alikaa kitandani akiisubiri Amina. Haikuja. Kwenye karakana hawakuyaona hayo. Padri hakuyaona. Nani humwona mwanamume akisinzia kando ya kitanda, kama si mwenye kulala kwenye kitanda hicho?

Manyunyu yalipokatika yule mwanamke alikwenda zake, na koti mwilini.

"Anaitwa Somoe," alisema Anjelina, jirani wa ukuta mmoja na mwenzake wa kwaya. Matanga yalikuwa yameisha, Gaspar, mwana wa Bernadeta, amerudi kazini kwake mbali, nyumba imebaki kimya, na wawili hao walikuwa wakichambua mchele. "Anakaa Tandika. Mjane, hana mtoto. Mie nimeulizia."

"Tandika," alisema Bernadeta.

"Tandika, mama."

Wote walijua kwamba kila Jumamosi baada ya kazi Marselino alikuwa akienda Tandika. "Kwa wazee," ndivyo alivyoaga. Wazee gani, Bernadeta hakuuliza kamwe. Mtu aliyeshinda na randa juma zima ana haki ya kuwa na wazee wake.

"Mie simsemi marehemu," alisema Anjelina, akimsema. "Mungu amlaze pema. Ila mtani huigiza kinachoonekana njiani. Yule kaigiza cha chumbani. Na Mwislamu yule, Mama Gaspar. Rozari kaijulia wapi?"

Bernadeta aliendelea kuchambua. Alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe, na Anjelina aliona, akamwondolea ungo taratibu.

Tangu hapo rozari ilimshinda. Akifika penye "sasa na", anamwona yule mwanamke kapiga magoti kati yake na Mungu, kavaa koti. Alijaribu kusali amesimama, alijaribu kusali anafagia, ikawa vilevile. Mume kafa, hilo alilipokea, wanaume hufa. Lakini kama Marselino alikuwa akisinzia kando ya kitanda kingine huko Tandika, basi aliyemlilia hakuwa mume wake peke yake, na kila alichokikumbuka juu yake kilikuwa nusu ya mtu mwingine. Na wa kumuuliza alikuwa udongoni.

Juma la pili, Somoe alibisha hodi.

Alikuja na kisamvu kilichotwangwa tayari, kimefungwa kwenye jani la mgomba. "Mngoni, upo? Au na wewe umemfuata mvivu mwenzio?"

Utani huo mtu mwingine angeujibu. Bernadeta alisema tu, "Karibu."

Akamtazama kama askari anavyomtazama mgeni getini. Somoe alipotaka maji ya kunywa hakuuliza mtungi uko wapi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akachota. Kajuaje, Bernadeta alijiuliza. Haikumjia kwamba Temeke nzima huweka mtungi nyuma ya mlango. Somoe alipomaliza kunywa, aliutazama ule msumari, akatabasamu kwa mwanya wake.

"Bado mtupu, Mama Gaspar?"

"Nini kitupu?"

"Msumari."

Bernadeta aliurudisha mfuniko wa mtungi. Aliona anachokozwa ndani ya nyumba yake. Somoe alingoja kidogo, kama anayetarajia neno, halafu akaaga. Kile kisamvu Bernadeta alimpa Anjelina, naye Anjelina alikila bila shaka yoyote, akasema kilihitaji nazi zaidi.

Somoe akaendelea kuja. Leo na mihogo, kesho kutwa na dagaa. Siku nyingine mikono mitupu, anaingia, anakaa, anasuka ukili wa mkeka huku anasimulia habari za Tandika, na kabla ya kuondoka haachi kuutazama msumari. "Bado?" Bernadeta humjibu kwa neno mojamoja. Angeweza kumfukuza. Alijiambia hamfukuzi kwa sababu anamchunguza. Lakini siku Somoe asipokuja, jioni ilikuwa ndefu, na Bernadeta alijikuta ameacha mlango wazi.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimedanganya nchi nzima, sukari ilikuwa ya foleni, na redio ilisema kila mtu alime, wa mjini na wa shamba. Mzee Mwishehe, balozi wao wa nyumba kumi, alipita mlango kwa mlango na fimbo yake.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Mama Gaspar, akina mama wa hapa wamepewa kipande bondeni Kiwalani. Cha mpunga. Kufiwa tunakujua, lakini njaa haipigi hodi ya pole. Una jembe?"

"Lilivunjika mpini. Na mie mpunga sijui, mzee, kwetu ni mahindi."

"Mie nina majembe mawili," alisema Somoe kutoka mkekani, bila kuulizwa. "Na mpunga nitamfundisha, ingawa Mngoni kumfundisha kazi."

Mzee Mwishehe alicheka. "Wewe si wa kwangu, wa Tandika wewe."

"Bonde linauliza mtu anakaa wapi?"

Bernadeta alikwenda. Alimwambia Anjelina anakwenda kwa sababu ya serikali. Moyoni alijua anakwenda kwa sababu mtu akiwa ameinama kwenye matope hujisahau, na akijisahau husema kweli.

Kumbe aliyejisahau ni yeye. Hakuwa amewahi kusimama kwenye maji ya mpunga. Matope yalimkamata vifundoni, akapiga kelele kidogo, akina mama wakageuka. Somoe akamshika kiuno asianguke, akamwonyesha namna ya kushika miche kwa vidole vitatu na kuichomeka kwa kurudi nyumanyuma. Walirudi nyuma wote kwa mstari, wakiimba, na nyimbo zenyewe Bernadeta hakuzijua, akawa anaitikia tu mwishoni. Ndege ikapita chini sana, ikielekea uwanjani, kelele zake zikafunika wimbo. Somoe alisimama, akaipungia jembe.

"We! Rudi ulikotoka, sukari iko wapi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Cha Bernadeta kilifika kooni, akakizuia kwa meno. Alikuwa hajacheka tangu Marselino afe, na hakutaka huyu ndiye awe wa kwanza kumchekesha.

Wakati wa kula mihogo ukingoni, alirusha ndoano.

"Marehemu alipenda sana wali."

"Nani asiyependa wali," alisema Somoe.

"Ila alikuwa anaula kwa namna yake. Unaijua."

Somoe aliacha kutafuna. "Nitaijuaje namna anavyokula mumeo?"

Alijibu upesi. Upesi mno, aliwaza Bernadeta, na muhogo ukawa mchungu mdomoni.

Ikaendelea hivyo, mpunga ukashika, ukawa kijani. Bernadeta alijifunza kupalilia, akajifunza kusuka ukili bila kupinda, akajua nyimbo zote mpaka mwanzo. Mikono yake ilikuwa na furaha na roho yake haikuwa nayo. Siku moja kanisani padri alihubiri juu ya kumshuhudia jirani uongo, Bernadeta akaona haya bila kujua anamwonea nani haya, Somoe au Marselino. Alipotoka aliamua. Jumamosi atakwenda Tandika mwenyewe, saa zilezile Marselino alizokuwa akienda, bila kumwambia mtu, bila Anjelina. Akamkute Somoe hajajiandaa. Kitakachomkuta, Mungu atampa nguvu ya kukibeba.

Tandika aliuliza kwa Bi Somoe Mngindo, mwenye kusuka mikeka. Walimwelekeza mpaka kwenye nyumba ya udongo yenye baraza, ambapo wazee walikuwa wamezunguka ubao wa bao, kete zikilia. Akawaamkia. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alimtazama sana.

"Lafudhi hiyo ya Songea. Wewe si mke wa marehemu fundi Marselino?"

Bernadeta alisogea karibu. "Mnamjua?"

"Kumjua! Kila Jumamosi alikuwa amekaa hapahapa. Anaubonyeza kwanza mkeka wetu, utafikiri utavunjika." Wazee wakacheka. "Pole sana, mama. Bao hakuwa anajua. Tulimla kila siku na hakukoma."

Bao. Alipokuwa bibi harusi, Bernadeta aliwahi kumwambia mumewe kwamba bao ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hakulisema tena, na Marselino hakulitaja bao tena. Kumbe alikuja kujificha huku. Akataka kufurahi, lakini alikuwa bado hajauliza lililomleta.

"Na Bi Somoe anakaa wapi?"

Mzee alinyoosha kidole ng'ambo ya njia, hatua chache tu. "Mlango ule wa bluu. Mkabala."

Furaha ikazimika kabla ya kuwaka. Mkabala. Kila Jumamosi, na mlango wa bluu mkabala.

Aliingia bila hodi. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kitanda cha kamba, mikeka imeviringishwa, jamvi la kuswalia limekunjwa juu ya sanduku. Na ukutani, juu ya kitambaa cheupe ili lisishike vumbi la udongo, lilikuwa limetundikwa koti la kaki. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Kifungo kilichokatika tangu Pasaka kimeshonwa.

Somoe aligeuka kutoka jikoni uani, akamwona, uso ukamfunguka. "Haya! Mngoni leo kakumbuka. Yuko wapi?"

"Nani yuko wapi?"

"Kuku."

"Somoe," alisema Bernadeta, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile aliyoiandaa njiani. "Niambie kweli. Mume wangu alikuwa anaingia humu?"

Mwanya wa Somoe ukapotea. Alimtazama Bernadeta kwa muda, akalitazama koti, akaona jinsi vitu hivyo vilivyofuatana kichwani mwa mwenzake. Akakaa kitandani polepole.

"Astaghafirullah. Ndilo ulilokaa nalo muda wote huu? Bondeni? Unakula mihogo yangu na hilo moyoni?"

"Alikuwa anacheza bao hapo mbele."

"Basi alicheza. Wale wazee mie hata sura siwaangalii, wananisalimu, naitika, napita. Kama mmoja wao alikuwa wako, ndiyo unaniambia leo."

"Na koti?"

"Koti nimelichukua mbele ya watu wote, Mama Gaspar. Mtani akichukua kitu cha marehemu, mfiwa anakuja kukikomboa kwa kuku, hata kifaranga. Bila hivyo msiba haujafungwa. Kwenu haiko hivyo? Kila nikija nakukumbusha: msumari bado? Wewe kimya. Nikasema basi, mama huyu ananidharau, au uchungu umemsahaulisha. Nikasema nitaendelea kwenda mpaka akumbuke."

Bernadeta alijikalia kwenye mikeka. Alikuwa anaijua mila hiyo. Lakini kwao, Peramiho, kazi ya kukomboa ni ya shangazi mkubwa, mjane haigusi. Mjini hapa shangazi hakuwepo, na haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba shangazi sasa ni yeye mwenyewe.

Bado lilibaki moja, na alilisema akiangalia sakafu.

"Ulivyomwigiza anasali. Ile hakuna aliyeiona duniani ila mie. Ulifundishwa na nani?"

Somoe alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. Halafu akainuka. Alichukua kikapu, akakibana kwapani, akaweka mkono kiunoni, akabinua mdomo, akasimama namna fulani, uzito wote mguu mmoja, na Bernadeta akahisi anamjua mtu huyo bila kukumbuka ni nani.

"Jamani," alisema Somoe kwa sauti ya juu, yenye lafudhi ya Songea, "nyie mnalalamika waume zenu wanalewa pombe. Wangu mie analewa rozari! Akifika 'sasa na', kwisha habari yake. Fiiiii! Halafu eti, 'Amina.' Namwambia, baba Gaspar, utamdanganya Maria, mie je?"

Nje kete za bao zililia.

"Foleni ya sukari," alisema Somoe, akiteremsha mkono kiunoni. "Duka la ushirika, lile lori lilipochelewa. Ulikuwa mbele yangu, umenipa mgongo. Ulipiga magoti chini kabisa, kwenye vumbi, ukatuigizia. Na kubonyeza viti pia, ulibonyeza mpaka tumbo la mama mmoja mjamzito. Foleni nzima ilikuwa hoi. Hukumbuki?"

Bernadeta alikumbuka. Ilikuja yote mara moja, jua, vikapu, vumbi magotini, na yeye mwenyewe katikati ya wanawake, akimsema mumewe kwa raha zake, akijua kwamba jioni atamkuta. Alikuwa amemsahau mwanamke yule aliyekuwa yeye mwenyewe. Alimzika pamoja na Marselino bila watani.

"Mie nilikuwa nimefiwa na wangu mwaka uleule," Somoe alisema, sasa kwa sauti yake. "Sina mtoto, sina ndugu hapa. Siku ile nilirudi na kikapu kitupu, sukari haikunifikia, nikakaa hapa kitandani nikacheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka tangu azikwe. Nikasema mama yule Mngoni, Mungu akinipa siku, nitamlipa. Niliposikia kuna msiba wa Mngoni fundi, nikauliza mkewe ni yupi, wakanionyesha wewe, nikakutambua. Nikakurudishia kilicho chako. Kama nilikuumiza, nisamehe."

"Alikufa akiwa hivyo," alisema Bernadeta. "Amepiga magoti. Niliingojea Amina, haikuja."

Somoe alijiziba mdomo kwa kanga. "Sikujua. Wallahi sikujua."

"Ulipoisema pale uani." Akajifunga kanga upya. "Ilikuwa ya kwake kabisa."

Ndipo alipolia, kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya mazishi, na Somoe alikaa naye kwenye mikeka, wala hakumtania mpaka kilipoisha. Kilipoisha, Bernadeta alijifuta kwa ncha ya kanga, akalitazama koti ukutani.

"Kifungo umekishona upande," alisema. "Wangindo nyie, hata sindano mnaishika kama mkuki."

Mwanya ukarudi. "Na bado sijaona kuku."

Jumamosi iliyofuata alipita tena mbele ya baraza la bao, akawaamkia wazee, mkononi ameshika kuku jike mwenye shingo tupu, amefungwa miguu. Alikuwa amesali rozari nzima asubuhi hiyo, na penye "sasa na" alikuwa ametabasamu, akaomba msamaha kwa kutabasamu, akaendelea. Anjelina alikuwa amemuuliza kuku anampeleka wapi. "Kwa rafiki yangu," alijibu, na Anjelina alibaki na maswali yake ukutani.

Somoe alimpokea kuku mlangoni, akampima uzito kwa mikono miwili, akampulizia manyoya kifuani.

"Huyu alizaliwa pamoja na babu yako vitani. Hata supu hatoi. Haya, ingia, mpunga unaanza kuinamisha vichwa, tupange siku ya kuvuna."

Akamsogezea kigoda. Bernadeta alikitazama. Akakibonyeza kwa kiganja, akakibonyeza tena, akatikisa kichwa, ndipo akakaa.